Gari limechoka: ulitengeneze au ulibadilishe? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu kabla hujauza

Fundi amekuandikia makadirio ya karibu milioni mbili. Gari lenyewe, ukilipeleka kwa dalali, halizidi milioni saba na nusu. Unajiambia: "Nikiongeza kidogo si napata jingine?" Wiki tatu baadaye umeuza kwa bei ya kutupa, umeongeza hela, umenunua gari la umri uleule, na kabla mwezi haujaisha feni ya rejeta imekufa. Mlolongo huu nimeushuhudia kwa watu wengi, na mara moja niliupitia mwenyewe.

Kosa ni moja: watu hulinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari. Namba hizo mbili hazijibu swali. Kinachojibu ni hii: kuendelea na gari hili kwa miezi 24 ijayo kutanigharimu kiasi gani chote kwa chote, na kuhamia jingine kwa miezi hiyohiyo kutanigharimu kiasi gani? Hatua nane zilizo hapa chini zinakufikisha kwenye namba hizo mbili.

Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na magari madogo ya Japani, Toyota IST na wenzake. Ukiwa Mombasa au Kampala, badilisha bei na sheria za kodi. Hesabu inabaki vilevile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari au jedwali la simu, na kikokotoo.
- Risiti za miezi 12. Kama huna, miamala ya simu itakuokoa (nitaeleza).
- Kadi ya gari. Utahitaji mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini na namba ya chesisi.
- Mafundi wawili: wako wa siku zote, na mmoja asiyekujua wala kulijua gari lako.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Gereji nyingi wanacho. Wengi hukiita "mashine" tu.
- Tochi, kitambaa cheupe, na asubuhi moja ambayo gari halijawashwa tangu jana yake.
- Wiki tatu za subira. Uamuzi unaofanywa gari likiwa juu ya breki dauni karibu kila mara huwa wa gharama.

## Hatua ya 1: Andika gari limekula nini mwaka uliopita

Kumbukumbu hudanganya pande zote mbili. Anayelipenda gari lake husahau laki mbili za mwezi wa nne. Aliyelichoka huhesabu hata hela ya kuoshea.

Kama hukutunza risiti, fungua taarifa za miamala ya simu yako na utafute majina ya fundi, muuza spea na anayekuuzia oili. Utashangaa. Panga kila kitu katika safu nne:

1. Mafuta.
2. Sevisi ya kawaida: oili, filta, plagi.
3. Vitu vya kuvaa: tairi, breki pedi, betri, shokapu, bushi, boljointi.
4. Maradhi: kuchemsha, gia boksi, injini, wayaringi.

Sababu ya kutenganisha safu ya tatu na ya nne: vitu vya kuvaa utavinunua kwa gari lolote duniani, hata jipya. Mtu akiuza gari kwa sababu linadai tairi nne na betri, amekimbia gharama ambayo inamsubiri kwenye gari lijalo. Safu ya nne ndiyo inayosema kama gari limezeeka kweli.

Pembeni andika siku ambazo gari lililala gereji, na ulitumia kiasi gani kwa bajaji, bodaboda au teksi siku hizo. Kama gari ndilo linalokuingizia kipato, andika na mapato uliyoyakosa.

Tahadhari. Usiandike popote "nimeshaliwekea injini ya milioni mbili" kama sababu ya kubaki nalo. Maji yakimwagika hayazoleki. Injini uliyoweka mwaka jana ina maana kwa jambo moja tu: itakuepusha na maradhi gani mbele.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili: wastani wa mwezi bila mafuta, na idadi ya siku gari lilikosekana.

## Hatua ya 2: Pima ulaji wa mafuta, usiukisie

Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe. Rudisha kipima safari kwenye sifuri. Tembea kama kawaida yako, kisha jaza tena kituo kilekile hadi pampu ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoweka sasa. Rudia mara tatu, kwa sababu wiki moja ya foleni ya Ubungo inaweza kuharibu picha yote.

Ukiona gari linakula kuliko ilivyokuwa, anza na mambo ya bei rahisi kabla ya kulihukumu: upepo wa tairi, filta ya hewa, plagi, breki inayobana, sensa ya oksijeni. Nimewahi kuona gari likiongeza karibu kilomita mbili kwa lita baada ya kufungua na kusafisha kalipa moja iliyokuwa imekwama. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kuongea na dalali.

Umefanikiwa ukiwa na kilomita kwa lita za majaribio matatu yanayokaribiana.

## Hatua ya 3: Chunguza moyo wa gari

Hapa ndipo pa kutumia muda. Vitu vinne ndivyo vinavyoua gari kiuchumi: injini, gia boksi, bodi na chesisi, na wayaringi. Vingine vyote ni gharama, lakini si kifo.

Injini, ikiwa baridi. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili na utazame kwa tochi. Utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa unaashiria maji kuchanganyika na oili, na mara nyingi maana yake gasketi ya silinda hedi. Fungua rejeta ikiwa baridi kabisa, uangalie kama maji yana mafuta juu yake. Washa, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia mahali pasipo pake. Moshi mweusi mara nyingi ni mafuta mengi kuliko hewa, na huo hutibika.

Hatari: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yale yako chini ya mgandamizo na yatakurukia usoni.

Ulaji wa oili. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, gari likiwa sehemu tambarare. Tembea kilomita 1,000, kisha pima umeongeza kiasi gani kurudisha alama ile. Watengenezaji wengi huichukulia lita moja kwa kilomita 1,000 kama mpaka wa juu kabisa. Robo lita kwenye gari la miaka ishirini si kesi. Ongeza oili, endelea na maisha. Zaidi ya lita moja, anza kufikiria ringi za pistoni. Wenye Toyota za injini ya 1ZZ-FE za matoleo ya awali kabisa wasiruke kipimo hiki, maana ulaji wa oili ni tatizo linalojulikana la injini hizo kabla Toyota haijabadilisha pistoni zake.

Mgandamizo wa silinda. Mwambie fundi afungue plagi zote na kupima kila silinda. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Zikipishana kwa zaidi ya psi 15 hivi, kuna silinda inayovuja. Kisha aweke kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na kupima tena: namba ikipanda, ni ringi, ikibaki palepale, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki kina bei ya sevisi ndogo na kinaweza kukuokolea milioni.

Gia boksi ya otomatiki. Chovya kijiti chake kwenye kitambaa cheupe, kama gari lako linacho. Oili nyekundu au ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Ukitoka P kwenda D au R, gari lishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Panda nalo kilima. Injini ikilia huku mwendo hauongezeki, gia zinateleza.

Bodi na chesisi. Ukanda wa pwani hauna huruma kwa chuma. Gari lililolala miaka kumi Kigamboni au Unguja si sawa na lililokuwa Dodoma. Linyanyue, gonga kwa bisibisi sehemu za kushikia shokapu, sakafu, na kingo za chini ya milango. Kutu ya juu juu ni ya kupiga rangi. Kutu inayopitisha bisibisi mahali panapobeba uzito wa gari inafunga mjadala, hata kama injini inaimba.

Wayaringi. Kama gari liliwahi kumezwa na maji, kule Jangwani au kwingineko, inua mazulia na unuse. Unyevu kwenye soketi hauleti tatizo moja bali matatizo ya kuhamahama: leo taa, kesho dirisha, keshokutwa haliwaki. Fundi umeme atakula hela yako kidogo kidogo, na haitakuwa kosa lake.

Mwisho, mashine isome kompyuta ya gari. Uliza namba za hitilafu zenyewe na uziandike. "Ni sensa tu" si jibu. Na ukikuta kumbukumbu imefutwa leo asubuhi, rudi baada ya kilomita mia moja.

Tahadhari kubwa kuliko zote. Anayechunguza asiwe ndiye atakayetengeneza. Mwambie fundi wa pili wazi: "Nakulipa kwa kuangalia tu, kazi sikupi." Makadirio hubadilika palepale.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye makundi matatu: ya lazima sasa, ya ndani ya mwaka, na ya kusubiri. Kila kitu na bei yake, ya spea na ya ufundi kando. Bei ya spea kaulize mwenyewe Gerezani, Kariakoo au Ilala. Taja mwaka na namba ya chesisi, uulize orijino, ya kichina na used.

## Hatua ya 4: Jua gari lako linauzika bei gani leo

Bei unayoiona mtandaoni ni ya kuombea. Bei halisi ni ile ambayo mtu mwenye hela mkononi atakupa wiki hii, kwa hali gari lilivyo. Peleka kwa madalali watatu na yadi mbili, uwaambie ukweli kuhusu ubovu, uchukue wastani wa ofa zao. Itauma kidogo.

Utaambiwa kuhusu herufi za namba: hii namba C, hii D, hii E. Soko linazilipia, kwa hiyo zina maana wakati wa kuuza. Ila herufi inakueleza lini gari lilisajiliwa nchini, haisemi lilitengenezwa lini. IST ya 2004 inaweza kuwa na namba D na jirani yake ya mwaka uleule ikawa na B. Kumbuka hilo hasa zamu yako ya kununua ikifika.

Umefanikiwa ukiwa na namba moja unayoiamini, na makadirio ya namba hiyo itakavyokuwa baada ya miaka miwili. Njia rahisi: angalia leo magari kama lako yenye umri wa miaka miwili zaidi yanakwenda kwa bei gani.

## Hatua ya 5: Jua mbadala utakugharimu nini mpaka unalitia ufunguo

Kuna milango mitatu, na mmoja wake ni mtego.

Mlango wa kwanza: kuagiza Japani. Hapa watu huona bei ya gari mtandaoni na kusahau umri. Kwa gari la abiria la kati ya cc 1,000 na 2,000 Tanzania, ushuru wa forodha ni 25%, ushuru wa bidhaa 5%, na VAT 18%. Umri ukifika miaka 8 hadi 10, ushuru wa bidhaa unaongezewa 15%. Ukizidi miaka 10, unaongezewa 30%. Kila kodi inapigwa juu ya iliyotangulia.

Tuseme thamani ya gari pamoja na meli na bima ni milioni 10. Likiwa na miaka zaidi ya 10: forodha 2,500,000, ushuru wa bidhaa 35% ya 12,500,000, yaani 4,375,000, VAT 18% ya 16,875,000, yaani 3,037,500. Jumla 9,912,500, kabla ya tozo ndogo za reli na forodha. Umelipia gari mara mbili. Likiwa chini ya miaka 8, kwa thamani hiyohiyo, jumla inakuwa 5,487,500.

Ndiyo maana gari "la bei chee" la 2005 mara nyingi si rahisi ukilinganisha na jipya kidogo. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni. Kitumie siku unayotaka kuagiza, maana bajeti ya kila mwaka inaweza kubadilisha viwango, na thamani inayotumika ni ya mfumo wao. Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. (Kenya hesabu hii ni nyingine kabisa: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Uganda mpaka ni miaka 15.)

Mlango wa pili: kununua nchini gari jipya kuliko lako. Lipitishe kwenye Hatua ya 3 yote, bila kuruka. Hakiki kadi na namba ya chesisi TRA, angalia faini za barabarani na madeni ya maegesho. Madeni yatakufuata wewe.

Mlango wa tatu: kununua nchini gari la umri uleule, ila "safi". Huu ndio mtego. Gari lako unalijua maradhi yake kwa jina. Hili jingine limeoshwa injini, limepigwa rangi, na mwenyewe analiuza kwa sababu ambayo hajakwambia. Unalipa ili ubadilishe matatizo unayoyajua kwa usiyoyajua. Mimi niliingia hapa nikiwa na akili zangu timamu: niliuza langu lililokuwa likidai shokapu na bushi, nikachukua la umri uleule kwa sababu ya viti vizuri. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimenunua shokapu, bushi, na wota pampu juu yake. Gari langu la zamani, hadi leo nalipishana nalo barabara ya Morogoro.

Umefanikiwa ukiwa na bei kamili ya mbadala mmoja ulio halisi, unaoweza kuupata mwezi huu, siyo gari la ndoto.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya miezi 24

Sasa weka kila kitu kwenye safu mbili. Huu ni mfano. Weka namba zako. Nimechukua kilomita 1,000 kwa mwezi na mafuta Sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Bei ya kikomo ya mwezi husika utaipata kwenye tangazo la EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta.

Njia A: kubaki na gari lenye thamani ya 7,500,000

- Matengenezo ya lazima sasa: 1,850,000
- Matunzo, 140,000 kwa mwezi: 3,360,000
- Mafuta, kilomita 12 kwa lita: 6,000,000
- Bima ndogo, 118,000 mara mbili: 236,000
- Siku za gereji, 40,000 kwa mwezi: 960,000
- Kushuka thamani hadi 6,000,000: 1,500,000
- Akiba ya janga moja kubwa: 1,500,000

Jumla: 15,406,000

Njia B: kuuza lako na kununua gari la 19,000,000, ukikopa 11,500,000 zinazopelea

- Kushuka thamani hadi 15,500,000: 3,500,000
- Kuhamisha umiliki, ukaguzi, sevisi ya kwanza, tairi: 1,200,000
- Matunzo, 70,000 kwa mwezi: 1,680,000
- Mafuta, kilomita 14 kwa lita: 5,140,000
- Bima kubwa, 3.5% ya thamani na VAT juu yake: 1,570,000
- Riba ya mkopo, 17% kwa salio linalopungua: 2,150,000
- Siku za gereji, 10,000 kwa mwezi: 240,000
- Akiba ya janga: 500,000

Jumla: 15,980,000

Angalia kilichotokea. Matengenezo ya 1,850,000 yaliyokunyima usingizi ni kama theluthi moja tu ya kile utakachotumia kwenye mafuta. Na tofauti ya njia mbili ni 574,000 kwa miaka miwili, chini ya 24,000 kwa mwezi.

Sasa chezea namba, maana hapo ndipo mambo hugeuka. Kama mkopeshaji anatoza 17% kwa mkupuo, yaani kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, badala ya salio linalopungua, riba inakuwa 3,910,000 na Njia B inapoteza vibaya. Soma mkataba, asilimia ileile, hela tofauti kabisa. Kinyume chake, ukiwa dereva wa teksi za mtandao unayepiga kilomita 2,500 kwa mwezi, pengo la mafuta linapanda hadi karibu 2,140,000, na Njia B inakuwa nafuu hata kabla hujahesabu siku za kazi zilizopotea.

Unalipa taslimu? Usiandike sifuri kwenye mstari wa riba. Andika faida ambayo hela hiyo ingekuletea ikiwa kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT, benki au kwenye biashara yako.

Na mlango wa tatu? Ni Njia A ikiwa na milioni 1.2 za kununulia juu yake.

Tahadhari. Watu wengi hufanya usanii kwenye mstari wa akiba ya janga: wanaweka milioni tatu kwa gari wanalolichukia na sifuri kwa wanalolitamani. Tumia matokeo ya Hatua ya 3. Gia boksi ikiwa nzuri na silinda ziko sawa, milioni moja na nusu inatosha. Kama oili ya gia imeungua, weka bei nzima ya gia boksi used pamoja na ufundi.

## Hatua ya 7: Soma jibu lako

Tofauti chini ya milioni moja: hiyo ni sare. Makadirio yako yenyewe yanaweza kukosea kwa kiasi hicho. Penye sare, mimi hubaki na gari. Baada ya miezi sita naweza kupiga hesabu upya na kuuza. Nikishauza, sirudi nyuma.

Tofauti ya milioni moja hadi mbili na nusu: fuata namba, isipokuwa matumizi yako yana sababu ya pekee. Anayesafiri Dar hadi Mbeya kila mwezi usiku na watoto ana haki ya kulipia utulivu. Anayekwenda Mwenge na kurudi hana hoja hiyo.

Zaidi ya hapo: acha kubishana na karatasi.

Kuna hali mbili ambazo hesabu haina kauli. Kwanza, kutu au ajali iliyoathiri sehemu zinazobeba gari, usukani au breki zisizotengenezeka ipasavyo: usiliendeshe. Pili, rejesho la mkopo likizidi kile kinachobaki kwako kila mwezi baada ya kodi ya nyumba, chakula na ada: Njia B haipo, hata kama karatasi inaipendelea.

## Hatua ya 8: Tekeleza

Ukiamua kubaki, tengeneza kwa mpangilio huu: breki, usukani na tairi, kisha upoozaji wa injini, kisha uvujaji wa oili, starehe mwisho. Upoozaji nauweka juu kwa sababu kuchemsha mara moja tu kunaweza kupinda silinda hedi na kufuta hesabu yote uliyopiga. Badilisha mipira iliyopasuka, thamostati na kifuniko cha rejeta, pima feni, weka koolanti. Maji ya bomba yaache ya kuoshea.

Weka kila mwezi kwenye akaunti au pochi ya pembeni ile namba ya matunzo pamoja na sehemu ya akiba ya janga. Kwa mfano wetu ni 140,000 na kama 60,000. Bila mfuko huu, gari linarudi kuwa dharura kila mara.

Kisha andika kikomo kabla hujaanza kulipia chochote. Mfano: "Maradhi yakizidi milioni mbili ndani ya miezi sita, nauza." Mpe karatasi hiyo mwenzi wako akae nayo, kwa sababu ukiwa gereji na fundi anakwambia "bosi, imebaki kitu kimoja tu", hutaikumbuka.

Ukiamua kuuza, usitengeneze makubwa kwanza. Ovaholi ya milioni mbili haiongezi milioni mbili kwenye bei, mnunuzi haioni. Tengeneza vinavyoonekana na vya bei ndogo: taa, waipa, kitasa, usafi wa ndani. Sema ubovu unaoujua. Mpe mnunuzi daftari lako la Hatua ya 1. Katika uzoefu wangu linaongeza bei kuliko rangi mpya. Hamisha umiliki kwenye mfumo siku ya malipo, la sivyo faini za mmiliki mpya zitaendelea kuja kwa jina lako.

Usiuze kabla mbadala haujapita Hatua ya 3. Mtu asiye na gari, mwenye milioni saba mfukoni na mvua za masika zimeanza, hununua chochote.

Umefanikiwa ikiwa, miezi sita baadaye, ukifungua daftari, wastani wako halisi uko ndani ya robo, juu au chini, ya ule uliokadiria. Ukiwa nje ya hapo, chukua namba mpya, rudi Hatua ya 6.